Benchi la Mzee wa Bonde

Pembeni mwa barabara, kati ya banda la fundi redio na duka lililofungwa siku nyingi, pana benchi refu la mbao lililolainishwa na makalio ya watu mpaka linang'aa kama limepakwa mafuta. Tangu watu wanapokwenda kazini mpaka jua linapovuka paa la duka, hukaa hapo wanaume watatu ambao ama kazi zimewaacha, ama wao wameziacha kazi zinawasubiri. Mbele yao pana jiko la mkaa, juu ya jiko birika, na nyuma ya birika mwanamke. Mwanamke huyo wanamwita Birika. Jina la kuzaliwa analo, ila limekaa muda mrefu bila kutumiwa, kama nguo ya sandukuni. Anamimina, anasuuza vikombe kwenye ndoo, anamimina tena. Ukipita na haraka zako utaona benchi, wanaume na moshi. Yeye utamwona ukishikwa na kiu.

Asubuhi hiyo wanaume walikuja mapema kuliko kawaida yao, wakajibana katikati ya benchi kana kwamba wakilikalia sawasawa halitaweza kwenda popote.

— Haliendi, alisema Wakili. Na narudia mbele ya mashahidi: haliendi.

Wakili hakuwa wakili. Alifagia kumbi za mahakama mpaka akastaafu, na maneno ya mle ndani yakamganda kama vumbi.

— Mashahidi wenyewe nani? aliuliza Posta, ambaye alipeleka barua mtaa huu enzi zile watu walipokuwa bado wanaandikiana.

— Wewe na Sumaku.

— Sumaku atashuhudia nini? Juzi kashindwa kushuhudia kwamba redio yangu ina betri.

— Betri ilikuwepo, alijibu Sumaku, fundi redio, bila kuudhika. Redio yako nzima kabisa. Hewa ndiyo mbovu.

Birika aliwamiminia. Hakusema neno, ingawa benchi lilikuwa lake, na neno lililokuwa linangojwa lilikuwa lake pia.

Benchi hilo lilitoka sebuleni kwa baba yake. Baba yake ndiye aliyeitwa Mzee wa Bonde, kiongozi wa wale watu waliokuwa katika nchi hii kabla ya mtu mwingine yeyote kuja, ambao siku moja waliambiwa bonde lao linahitajika kwa ajili ya bwawa, wakapakiwa kwenye malori. Yeye alikuja mjini, akajenga nyumba ya mbao katika mtaa huu huu, na kwenye nyumba hiyo akapigania bonde mpaka nywele zikawa nyeupe. Nusu ya bonde ilirudi. Mzee akafariki, wanawe wa kiume wakarudi bondeni kulima, binti akabaki kwa sababu wageni walikuwa bado wanakuja na haifai mgeni amkute mwenye nyumba kafa na jiko nalo limezimwa. Baadaye barabara ikapanuliwa, nyumba ikabomolewa. Benchi lilisalimika kwa kuwa siku hiyo lilikuwa limetolewa nje.

Sasa jumba la makumbusho la mjini lilikuwa limeijenga upya sebule ile ndani ya ukumbi wake, ubao kwa ubao, kwa kufuata picha za zamani. Kiti cha Mzee kilikuwepo, koti lake lilikuwepo, meza ilikuwepo. Pengo lilikuwa moja tu, na lilikuwa na urefu wa benchi. Gari lingekuja mchana huo kulichukua, ikiwa Birika atakubali.

Hakuwa amekubali wala kukataa. Jioni zake alikwishazizoea: chumba kimoja, taa moja, redio iliyokamata stesheni moja. Jioni hazikumtisha tena. Asubuhi ndizo alizokuwa nazo, na asubuhi hizo zilikuwa zinakalia benchi. Benchi likiondoka, Wakili ataenda kushinda kwa binti yake, Posta atalala mpaka jua limsukume, Sumaku atajifungia na redio zake. Hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Ndiyo maana walikuwa wanapiga kelele nyingi.

— Sikilizeni sheria, alisema Wakili. Kitu ukikikalia miaka na miaka, mwenyewe anaona, hasemi, kinakuwa chako. Sisi tumelikalia. Birika kaona. Hakusema.

— Nilikuwa nasema kila siku, alisema Birika. Nilikuwa nasema usiweke kikombe cha moto juu yake.

— Hilo ni ombi. Si pingamizi.

— Basi kwa sheria yako, alisema Posta, hata kiti cha basi ni chako.

— Nikishuka kinakuwa cha mwingine. Hapa mimi nimeshuka lini?

Walicheka, na Birika akacheka nao, kidogo, huku anageuza mkaa. Halafu Sumaku akasogea mbele, akateremsha sauti, kama mtu anayetoa siri ya taifa.

— Tuwape la bandia.

— La bandia lipi?

— Nina mbao nyuma ya banda. Leo hii tunapigilia, tunalichoma kidogo na moto, tunalipaka mafuta ya gari, tunalipiga na mnyororo. Wakija wanakuta benchi kuukuu. Wanashukuru, wanaondoka.

— Na makalio? aliuliza Posta.

— Makalio gani?

— Benchi hili lina mashimo ya makalio. Mnyororo unachonga makalio?

Sumaku alifikiri.

— Tutalikalia kwa nguvu mpaka mchana.

— Miaka arobaini kwa asubuhi moja! Wakili alijipiga paja. Bwana, wewe ni fundi kweli.

— Tena mkae mkijua, Sumaku aliendelea, maana akishapanda alikuwa hashuki, inawezekana hata hili si lenyewe. Mnajua wenyewe? Siku ile ya kubomoa, vumbi lile, watu wale. Inawezekana la kweli lilichukuliwa zamani, makumbusho wanalo ndani kabisa, na hili wanalitaka ili wawe na mawili. Likiibiwa moja wanacheka.

— Aliyeliweka la bandia hapa ni nani?

— Ndiyo swali hilo!

Birika aliangalia mguu wa mwisho wa benchi, ule wenye kovu la shoka. Alikuwa msichana siku kaka yake alipokosea kupasua kuni. Lilikuwa lenyewe.

— Mimi nina njia nyepesi, alisema Posta. Likienda, twende nalo. Sebule ya Mzee haikuwa na benchi tupu hata siku moja. Benchi tupu ni uongo wa historia. Waweke watu. Na watu wa benchi hili ni sisi.

— Tukae makumbusho?

— Tunakaa. Tunaletewa kahawa. Watoto wa shule wanapita, wanaangalia. Hatusemi.

— Wewe usiseme? Wewe?

— Nikiletewa kahawa naweza kujaribu.

— Watataka kutuandikia vibao, alisema Wakili. "Mwanamume, mbao na nguo, hali yake mbaya."

— Na jioni je? aliuliza Sumaku. Wakizima taa, wakafunga mlango, wametusahau?

Hapo utani ulikwama kidogo. Posta alizungusha kikombe chake.

— Nyumbani kwangu pia taa huzimwa, alisema, na hakuna anayeuliza nani kabaki ndani.

Wakamwachia maneno yake yapite. Gari la mchanga lilipita barabarani, likawamwagia vumbi, nao wakafunika vikombe kwa viganja, wote kwa pamoja, kama watu wanaofanya sala moja.

Birika alikuwa ameshakwenda kuiona sebule ile. Hakuwaambia. Wiki iliyopita alivaa viatu vya kutokea akaenda, akaonyeshwa ukumbi, akaachwa peke yake kwa heshima. Na kweli ilikuwa sebule yao. Dirisha lenye kioo kilichopasuka lilikuwa na ufa ule ule. Koti, ambalo alilitoa yeye mwenyewe kabatini likiwa bado na harufu, lilikuwa kwenye msumari wake. Kulikuwa na kuta tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi, umefungwa kamba nyekundu, ili watu wasimame hapo waangalie.

Alisimama kwenye kamba, na mwili wake ukatulia kabla ya akili. Aliyaona yote kutoka pembe anayoijua: mgongo wa benchi, kama lingekuwepo, kiti cha baba upande ule, mwanga ukiingia kwa nyuma na kuangukia meza. Halafu sauti ya baba ikaanza kutoka ukutani. Walikuwa wameipata kwenye kanda ya zamani ya mwandishi wa habari. Ilisema habari za bonde, za mipaka na mito, sauti ile ya pole isiyotaka kumshinda mtu, na katikati yake ikakatika, ikasema: "Mama, wageni hawa wamekauka." Kisha ikaendelea na mito.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita, mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Na Birika, mtu mzima mwenye mvi, alinyoosha mkono kutafuta mpini wa birika, akainua mguu. Kamba ndiyo iliyomzuia.

Hakumlaumu baba yake, hata njiani akirudi. Alikuwa mtu mwema. Aliyebeba bonde zima kichwani hageuzi shingo mara kwa mara. Mama yake alifariki mapema, birika likahitaji mkono, mkono ukapatikana. Katika nyumba yao anayemimina hakai mpaka mgeni wa mwisho ashibe, na tatizo lilikuwa tu kwamba mgeni wa mwisho hakuwahi kufika. Nyuma yake daima kulikuwa na mwingine, mwenye vumbi la safari, mwenye kesi. Siku zile watu walimwita "wewe wa birika". Baadaye wakafupisha.

— Mimi nilikaa mkono wa kushoto wa Mzee, Wakili alikuwa anasema. Hapa, mwisho huu. Nikampa ushauri wa kesi.

— Wewe ulikosea nyumba, alisema Posta. Ulikuwa unamtafuta unayemdai, ukaingia kwa Mzee, ukapewa kahawa, ukaona aibu kuondoka.

— Nilitoa ushauri!

— Ulimwambia ajitahidi.

— Na alijitahidi!

— Mimi je? alisema Sumaku. Nilikaa katikati. Mzee alikuwa akinitania sana.

— Sumaku, ulihamia mtaa huu nyumba ikiwa imeshabomolewa.

— Basi nilimwota.

— Ungesema mapema.

Pikapu ya makumbusho ilifika wakiwa hapo. Alishuka dereva, na nyuma yake binti mmoja mwenye ovaroli ya bluu na futi ya kupimia shingoni. Aliwaamkia wote, shikamoo moja moja, akaanza na Birika, jambo ambalo wanaume waliliona, kwa kuwa wao walikuwa wamezoea kuanziwa.

— Marahaba, alisema Birika. Kunywa kahawa kwanza.

— Asante, mama. Nisipime kwanza?

— Benchi halikimbii, alisema Wakili. Na bado hatujaamua kama linatembea.

Binti alicheka, akapokea kikombe, akachuchumaa kando ya benchi badala ya kukaa juu yake. Akaeleza kwamba hakuja kuwanyang'anya. Alikuja kuuliza. Picha zinaonyesha vitu, alisema, lakini hazisemi nani alikuwa wapi, naye angependa kuandika mahali pa kila mtu, ili anayeingia ajue kwamba hapa waliishi watu.

Loo, alikuwa amefungua bomba.

— Mzee pale, alisema Posta, akaonyesha barabarani kama kiti kingali kipo. Mgongo ukutani, anamwona kila anayeingia.

— Wazee wa Bonde mwisho huu, alisema Wakili, kwa sababu walipenda kuwa karibu na sikio lake. Yule wa kulia alikuwa anasinzia.

— Mawakili wa kweli huku, alisema Posta, wenye mikoba. Waandishi wa habari hawakukaa, wao walisimama. Mimi na mfuko wangu wa barua hapa, nikingoja saini.

— Na kinamama waliokuja na watoto?

— Chini, kwenye mkeka. Mzee alikuwa anasimama kuwapa kiti, wanakataa, anabaki amesimama.

— Mbwa? alisema Sumaku, asipitwe. Kulikuwa na mbwa.

— Kulikuwa na mbwa, alikiri Posta kwa mshangao. Chini ya benchi. Umejuaje?

— Si nimesema nilimwota?

Binti alikuwa anaandika haraka, anacheka. Kisha akainua uso, akamgeukia mwanamke aliyekuwa anamwongezea kahawa.

— Na wewe, mama? Ulikuwa unakaa wapi?

Birika alitazama benchi, kisha birika lililokuwa mkononi mwake.

Binti akawatazama wanaume. Wakili alikohoa. Aliangalia benchi toka mwisho mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta mahali alipoacha miwani.

— Yeye alikuwepo, alisema.

— Upande gani?

— Alikuwepo tu. Daima. Posta, si alikuwepo?

— Alikuwepo, alisema Posta polepole. Mkono ulikuwa unakuja kutoka hapa. Posta alionyesha nyuma ya bega lake. Kikombe kinakuja, unapokea. Lakini...

Alikuwa amemfahamu mwanamke huyu tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Sumaku, ambaye alikuwa na jibu la kila swali duniani, alichukua kikombe chake akanywa, kikiwa kitupu, akakishusha, akainua tena.

— Na nyinyi, si mmekaa hapa miaka yote? aliuliza binti, bila ubaya wowote. Hapa je, yeye anakaa wapi?

Hilo nalo lilipita mbele yao kama gari lisilosimama.

Birika aliinua birika amjazie Posta, na likatoa uzi mwembamba, matone, halafu machicha. Akalitikisa. Siku nyingine angeongeza maji. Aliliweka pembeni ya jiko, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema:

— Sogeeni kidogo. Nikae.

Walisogea kwa haraka mno hata Sumaku akaanguka upande wa pili. Akakaa. Mbao zilikuwa za joto, na mashimo yake hayakuwa ya kwake, ilibidi atafute namna. Alitazama mbele, mahali wanapotazama wao kila siku, akaona jiko, ndoo, na nyuma ya jiko kipande cha ukuta kilichokuwa cheusi kwa moshi. Katikati ya weusi ule palikuwa na sehemu safi, ndefu, yenye upana wa mtu. Hapo ndipo moshi ulipokuwa hauufikii ukuta kwa sababu ya mgongo wake.

Aliangalia pale kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtu.

— Binti yangu, alisema mwishowe, ile kamba yenu.

— Ndiyo, mama.

— Pale mlipoifunga palikuwa na mlango. Wa jikoni.

— Picha zote hazina mlango. Tulitafuta.

— Wapiga picha walikuwa wamesimama mlangoni. Mwanga ulikuwa unatokea huko. Waliniomba nisogee kidogo, nami nikasogea.

Binti aliacha kuandika.

— Kwa hiyo wewe ulikuwa...

— Palepale wanaposimama wageni wenu kuangalia. Birika alipapasa kovu la shoka kwenye mguu wa benchi. Sikuwa na kiti. Usiandike kiti. Weka mlango, uwe wazi, na jiko kwa nyuma, ili wanaoingia waingilie jikoni. Mkiweka hivyo, lichukueni.

— Birika, alisema Wakili, na sauti yake haikuwa ya mahakamani. Na sisi je?

Alimgeukia. Lilikuwa swali la haki.

— Sijui, ndugu yangu, alisema. Mimi mwenyewe sijui nitaamkia wapi kesho.

Walilibeba wao, wanaume watatu na dereva, wakagombana upande upi utangulie, wakalipandisha nyuma ya pikapu. Birika alipanda baada yake, akashika ukingo, akakaa juu yake tena, mikono mapajani.

— Mama, abiria wa nyuma haruhusiwi, alisema dereva.

— Andika, alisema Wakili. Benchi moja, pamoja na mwenye nalo. Ni mzigo mmoja.

— Nawaonyesha mlango ulipokuwa, alisema Birika. Nitarudi.

Dereva alimtazama binti wa makumbusho, binti akamtazama mama juu ya benchi, na dereva akasema basi, atakwenda pole pole.

Pikapu iliondoka kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Kutoka juu Birika aliuona mtaa kwa namna mpya, mapaa na nyaya na kofia za watu. Kila upande wa benchi palikuwa na nafasi tele, ya wazee wa Bonde, ya wenye mikoba, ya mtu wa barua. Upepo ulikuwa unapita hapo bila kuzuiwa na bega la mtu. Nyuma, pembeni mwa barabara, wanaume watatu walikuwa wamesimama kuzunguka jiko, vikombe mkononi, hawajui waweke wapi miili yao. Alikuwa hajawahi kuwaona wamesimama wote kwa pamoja. Walionekana wafupi.

Kisha akasikia sauti ya Sumaku. Ilikuwa sauti ya mazoea tu, ya mtu anayenyoosha kikombe bila kuangalia:

— Birika, ongeza kidogo.

Mguu wake wa kulia ulishuka wenyewe kutafuta ardhi. Ulikuta bati la gari likitetemeka. Aliuacha hapo kidogo, mpaka pikapu ikakata kona, kisha akaurudisha kando ya mwenziwe na kuendelea kukaa.